Nani Aliandika Sifuri? Kisa cha Kaunti Iliyofunga Shule kwa Bajeti

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya msingi ya serikali anakosoma mtoto wangu wa pili. Nilikwenda kama mzazi, si kama mhadhiri, nikaketi kwenye dawati la nyuma ambalo magoti yangu hayakuweza kuingia chini yake. Mwalimu Mkuu alikuwa amebandika ukutani karatasi ya makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka. Mbele ya maneno "ukarabati wa vyoo" palikuwa na tarakimu moja tu: 0.

Hakuna aliyesema neno hadi alipoinuka bibi mmoja aliyekuja kwa niaba ya wazazi wa mjukuu wake. "Mwenyekiti, mwanangu," aliuliza kwa upole, "hiyo sifuri kaiandika nani?" Mwenyekiti wa kamati ya shule alitabasamu kwa haya. "Mama, sisi kamati tunapitisha tu. Fedha hazitoki kwetu." Mkutano ukaendelea na ajenda iliyofuata, ambayo, kama mtakavyokisia, ilikuwa michango.

Swali la bibi yule limekaa nami tangu siku hiyo. Sisi wasomi tumezoea kuizungumzia bajeti ya elimu kama hesabu: wanafunzi wangapi, walimu wangapi, upungufu kiasi gani. Ni mara chache tunauliza ni mkono wa nani ulioshika kalamu. Tunasema "fedha hazikutosha" kama tunavyosema "mvua haikunyesha", kana kwamba fedha nazo hushuka kutoka mbinguni. Bibi yule alikataa lugha hiyo. Kwake yeye sifuri ilikuwa imeandikwa, na kilichoandikwa kina mwandishi.

Leo nataka kulijibu swali lake kwa kisa cha mbali: kaunti ya Prince Edward katika jimbo la Virginia, Marekani, kati ya mwaka 1951 na 1964. Sikichagui kwa sababu kinafanana na chetu kwa kila hali. Havifanani, nami nitalieleza hilo. Nakichagua kwa sababu kule sifuri iliandikwa mchana kweupe, kwa kura, na majina ya walioipigia kura yamo katika kumbukumbu. Mahali pengi sifuri huandikwa kwa ukimya. Pale ilipoandikwa kwa sauti, tunaweza kujifunza namna inavyofanya kazi.

Bodi yenye muhuri, baraza lenye mfuko

Tuanze na muundo, maana bila muundo kisa hiki hakieleweki. Nchini Marekani shule za umma huendeshwa kwa kiasi kikubwa na mamlaka za mahali. Kila wilaya ya shule ina bodi yake inayoajiri walimu, kusimamia majengo na kuandaa bajeti. Katika majimbo mengi bodi hiyo ina uwezo wa kutoza kodi yake yenyewe, hasa kodi ya ardhi na majengo. Virginia haikuwa hivyo. Huko bodi ya shule iliandaa makadirio, kisha ikayapeleka kwa baraza la wasimamizi wa kaunti, ambalo ndilo lililokuwa na mamlaka ya kutoza kodi na kuidhinisha fedha. Kwa maneno mengine, bodi ilikuwa na muhuri, baraza lilikuwa na mfuko.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma makala haya, mgawanyo huo si jambo geni. Una faida yake: anayeomba fedha hajiidhinishii mwenyewe. Lakini una hatari pia. Wajibu wa kutoa elimu unakaa kwenye meza moja na uwezo wa kuilipia unakaa kwenye meza nyingine. Na mwananchi anapokwenda kulalamika, kila meza inamwelekeza kwa mwenzake.

Prince Edward ilikuwa kaunti ya mashamba ya tumbaku kusini mwa Virginia, na makao yake makuu yalikuwa mji mdogo wa Farmville. Sheria ya jimbo ilitenganisha shule za Wazungu na za Wamarekani Weusi. Mwaka 1939 kaunti iliwajengea Weusi shule ya sekondari ya Robert Russa Moton, jengo la wanafunzi 180. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwamo zaidi ya 450. Haikuwa na ukumbi wa michezo, haikuwa na bwalo la chakula, haikuwa na maabara ya sayansi. Wazazi walipoomba jengo jipya, bodi ilijibu kwamba fedha bado zinatafutwa, na badala ya jengo ikaweka mabanda ya mbao yaliyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mvua iliponyesha mabanda yalivuja. Wakati wa baridi aliyekaa karibu na jiko la kuni aliungua na aliyekaa mbali alitetemeka.

Tarehe 23 Aprili 1951 msichana wa miaka 16 aitwaye Barbara Johns aliwaita wanafunzi wenzake ukumbini, baada ya mkuu wa shule kuondolewa kwa hila ya simu ya uongo. Aliwaomba walimu watoke, kisha akawaambia wenzake kwamba hawatarudi madarasani hadi wapatiwe shule inayostahili. Mgomo ulidumu takriban wiki mbili. Wanafunzi wangu wapendwa, nawaomba mzingatie jambo moja: dai la kwanza la watoto wale lilikuwa jengo. Walidai mstari mmoja katika bajeti ya kaunti.

Mawakili wa chama cha haki za Weusi, NAACP, Oliver Hill na Spottswood Robinson, waliwaeleza kwamba hawatapeleka mahakamani kesi ya kuomba banda bora ndani ya ubaguzi. Wataipeleka tu ikiwa wazazi watakubali kuushitaki ubaguzi wenyewe. Wazazi wakakubali. Kesi ilifunguliwa Mei 1951 ikiwa na majina ya wanafunzi 117, nayo baadaye ikaunganishwa na nyingine nne katika shauri mashuhuri la Brown. Kati ya kesi zote tano, hii ndiyo iliyokuwa na walalamikaji wengi zaidi.

Na hapa pana kichekesho kichungu. Kesi ilipokuwa bado mahakamani, fedha ambazo zilikuwa hazipatikani kwa miaka zilipatikana. Mwaka 1953 Weusi wa Prince Edward walifunguliwa shule mpya ya sekondari. Kumbe ukosefu wa fedha ulikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa hofu ya hukumu.

Kutoka kima cha chini hadi sifuri

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Mei 1955, ilitoa hukumu ya pili kuhusu utekelezaji, bila kuweka tarehe ya mwisho. Siku ile ile baraza la kaunti ya Prince Edward liliketi kuzungumzia bajeti ya shule, nalo likaidhinisha dola 150,000 tu, kiasi cha chini kabisa kilichoruhusiwa na sheria.

Mwaka uliofuata baraza lilibuni mbinu nyingine: fedha za shule ziidhinishwe mwezi kwa mwezi. Kiofisi, utaratibu huo ungeweza kuelezwa kama uangalifu wa matumizi. Kisiasa ulikuwa kisu kilichowekwa mezani. Iwapo mahakama ingeagiza mtoto mmoja Mweusi aingie katika shule ya Wazungu, bajeti ya mwezi unaofuata isingepitishwa. Zaidi ya wakazi Wazungu 4,000 walitia saini tamko la kueleza kwamba ni heri shule za umma zifungwe kuliko kuchanganywa.

Jimbo zima lilikuwa katika kile kilichoitwa Upinzani Mkubwa, siasa iliyoongozwa na Seneta Harry Byrd. Septemba 1958 gavana alifunga shule kadhaa huko Norfolk, Charlottesville na kaunti ya Warren ili zisichanganywe. Januari 1959 mahakama zilibatilisha sheria zilizomruhusu kufanya hivyo, shule zile zikafunguliwa, na watu wengi wakadhani vita vimekwisha. Mei 1959 mahakama ya rufani ya shirikisho iliiagiza Prince Edward ianze kuchanganya wanafunzi mwezi Septemba.

Juni 1959 baraza la kaunti lilijibu. Halikutangaza kwamba linapinga mahakama. Halikuweka askari mlangoni kama ilivyotokea Little Rock mwaka 1957. Lilifanya jambo dogo zaidi na baya zaidi: halikutoza kodi ya shule, na mbele ya kifungu cha elimu ya umma halikuweka senti hata moja. Septemba ilipofika milango ya shule zote za umma katika kaunti ilikuwa imefungwa kwa minyororo. Haikufunguliwa kwa miaka mitano.

Tazameni werevu wa uovu huu. Mahakama ilikuwa imesema: mkiendesha shule, msibague. Baraza likajibu: basi hatuendeshi. Amri ya mahakama haikuvunjwa herufi hata moja. Iliachwa ining'inie hewani bila shule ya kuitekelezea. Katiba ya jimbo ilikuwa na maneno mazuri kuhusu elimu, kama zilivyo katiba nyingi. Lakini maneno hayalipi mshahara wa mwalimu wala hayanunui kuni za jiko.

Fedha zilikwenda wapi?

Anayechunguza bajeti ya sifuri hapaswi kuishia kwenye sifuri. Lazima aulize swali la pili: fedha ambazo hazikuja huku, zilikwenda wapi? Maana mfuko wa kaunti haukuwa mtupu.

Wazungu wa Prince Edward walikuwa wamejiandaa tangu mwaka 1955 kwa kuunda taasisi ya kuendesha shule za binafsi. Mwaka 1959 watoto wao walikwenda huko, wakisoma kwanza katika makanisa na kumbi za jumuiya. Mwaka wa kwanza ulilipiwa kwa michango. Kisha, mwaka 1960, jimbo na kaunti zikaingia. Jimbo lilitoa ruzuku ya ada ya dola 125 kwa mtoto wa shule ya msingi na 150 kwa wa sekondari. Kaunti ikaongeza dola 100 kwa kila mtoto. Aidha, kaunti iliruhusu mlipa kodi aliyechangia shule ya binafsi isiyo ya faida apunguziwe kodi yake ya mali hadi asilimia 25. Kwa hesabu hiyo, kaunti iliyokosa fedha za shule ya umma ilipata fedha za shule ya binafsi, na shule yenyewe ilipokea watoto wa rangi moja. Mwaka 1961 mahakama ilizuia ruzuku hizo kwa muda wote ambao shule za umma zingebaki zimefungwa.

Na bodi ya shule ilikuwa wapi? Hapa historia inatupa funzo ninalotamani kila mjumbe wa kamati ya shule alisikie. Wajumbe wa bodi ya Prince Edward hawakuwa wapigania usawa. Walikuwa wamesimamia mabanda ya karatasi ya lami bila kukosa usingizi. Lakini mwaka 1960, waliposhinikizwa waiuzie taasisi ya binafsi jengo la shule, wengi wao walijiuzulu badala ya kuuza. Walikuwa na mali bila fedha, wajibu bila uwezo. Jambo pekee walilobaki nalo lilikuwa kukataa kuweka saini. Walichelewa, na kujiuzulu kwao hakukumrudisha mtoto hata mmoja darasani. Hata hivyo kulizuia jengo la umma lisibadilishwe jina usiku mmoja.

Watoto Weusi wapatao 1,700 walibaki bila shule. Takwimu hiyo ni rahisi kuandika na ngumu kuiishi. Mchungaji L. Francis Griffin, aliyekuwa kiongozi wa harakati tangu siku za mgomo, alishirikiana na wenzake kufungua vituo vya mafunzo katika makanisa. Vituo hivyo vililinda matumaini ya watoto, lakini havikuwa shule. Waliokuwa karibu kumaliza sekondari walipelekwa chuo cha Kittrell huko North Carolina. Shirika la Waquaker lilitafutia wengine familia za kuwalea katika majimbo mengine. Wenye shangazi au mjomba nje ya kaunti walihamia huko. Waliosalia, na ndio waliokuwa wengi, waliingia mashambani, jikoni au mitaani. Mtoto aliyekuwa na miaka sita mwaka 1959 alifikisha kumi hajawahi kukaa darasani. Kijana wa miaka 13 alifikisha 18, akawa mtu mzima. Watoto wa Wazungu maskini walioshindwa ada nao waliumia, ingawa hawakuwa walengwa.

Nimesoma mengi kuhusu ubaguzi wa Kusini mwa Marekani: mbwa wa polisi, mabomba ya maji, makanisa yaliyolipuliwa. Sijaona ukatili mkimya kama huu. Hapakuwa na picha ya kuipeleka magazetini. Palikuwa na kumbukumbu za kikao, hoja iliyotolewa, hoja iliyoungwa mkono, na waliosema ndiyo.

Mahakama inaifikia kodi

Mwaka 1963, kwa msukumo wa serikali ya Rais Kennedy na michango ya mashirika na watu binafsi, zilifunguliwa kwa mwaka mmoja zile zilizoitwa Shule Huru za Prince Edward. Zaidi ya watoto 1,500 walirudi darasani, wakiwemo Wazungu wachache mno. Kisha, tarehe 25 Mei 1964, ikatoka hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Griffin, iliyobeba jina la familia ya mchungaji yule.

Jaji Hugo Black, Mkusini mwenyewe, mzaliwa wa Alabama, aliandika kwa niaba ya wenzake. Mahakama ilikubali kwamba kwa kawaida kaunti zinaweza kutofautiana katika namna zinavyoendesha shule. Lakini kaunti hii ilifunga shule zake, huku kaunti nyingine zote za Virginia zikiwa na shule za umma, kwa sababu moja tu: rangi. Huko ni kuwanyima watoto ulinzi sawa wa sheria. Na katika nafuu iliyotolewa ndipo penye uzito wa hukumu ile. Mahakama ilisema kwamba jaji wa chini anaweza, ikibidi, kuliamuru baraza la kaunti litumie mamlaka yake ya kutoza kodi ili zipatikane fedha za kufungua na kuendesha shule bila ubaguzi. Majaji wawili hawakukubaliana na uwezo wa mahakama za shirikisho kuamuru shule zifunguliwe. Waliobaki walielewa kwamba haki iliyouawa kwenye bajeti inafufuliwa kwenye bajeti. Wangetamka usawa bila kuigusa kodi, wangekuwa wameandika shairi.

Je, baraza lilisalimu amri? Mwezi uliofuata lilitenga dola 189,000 kwa shule za umma, na dola 375,000 kwa ruzuku za ada za shule za binafsi. Kisha Agosti 1964, kesi ya kuzuia ruzuku hizo ikiwa bado inasikilizwa, wasimamizi walikutana usiku na kugawa takriban dola 180,000 kwa wazazi Wazungu kabla hakujapambazuka na kabla mahakama haijafunga mlango. Mahakama ya rufani baadaye iliwatia hatiani kwa kuidharau. Shule za umma zilifunguliwa Septemba zikiwa na wanafunzi wapatao 1,500, karibu wote Weusi.

Ilichukua karibu miaka arobaini kwa jimbo kulitazama deni lile. Mwaka 2003 waliofungiwa shule walipewa vyeti vya heshima vya sekondari, wengi wakiwa na mvi. Mwaka 2004 Virginia ilianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo kwa waathirika: dola milioni moja kutoka serikalini na milioni nyingine kutoka kwa tajiri mmoja, John Kluge. Ni jambo jema. Lakini nani atamrudishia mtu wa miaka hamsini darasa la tatu?

Wala hukumu ya Griffin haikumaliza swali la fedha. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka wilaya maskini ya shule ya Edgewood huko San Antonio, Texas, Mahakama hiyo hiyo iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba Katiba ya Marekani haizuii shule kugharimiwa kwa kodi ya mali ya mahali, hata kama wilaya tajiri zinapata fedha nyingi na maskini zinapata kidogo. Jaji Thurgood Marshall, yule aliyekuwa wakili kiongozi katika shauri la Brown, alipinga vikali. Tofauti kati ya kesi hizi mbili inafundisha. Sifuri iliyoandikwa kwa kura na kwa nia iliyo wazi, mahakama iliiona. Upungufu uliojificha ndani ya mfumo haikuuona.

Turudi nyumbani

Nimesema kisa hiki hakifanani na chetu, na sitaki kukilazimisha. Sisi hatukufunga shule ili kumzuia mtoto wa rangi fulani. Hata hivyo tusijidai wageni kabisa. Shule za Prince Edward zilipofungwa mwaka 1959, Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa bado na mifumo mitatu ya shule, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, na fedha alizotengewa mtoto zilitegemea rangi yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961 ndiyo iliyoiunganisha kuwa mfumo mmoja kuanzia Januari 1962. Mtoto wa Kiafrika wa Tanganyika aliingia katika mfumo wa elimu usio na rangi wakati mtoto Mweusi wa Farmville yuko mtaani, katika nchi tajiri kuliko zote duniani. Tuna haki ya kujivunia hilo.

Lakini swali la bibi yule halihusu rangi. Linahusu kalamu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, uliipa kamati ya shule heshima kubwa: akaunti ya benki, mpango wa shule, na ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati huo kiasi hicho kilikuwa karibu sawa na dola kumi. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilibaki pale pale, na sehemu yake ikabakizwa ngazi za juu kwa ajili ya vitabu. Leo shilingi 10,000 hazifiki dola tano. Hakuna kikao kilichoketi kupunguza thamani ya ruzuku hiyo kwa zaidi ya nusu. Hakuna hoja iliyotolewa wala kuungwa mkono. Chaki, bati na saruji vilipanda bei, tarakimu ikakaa kimya, na ukimya ukafanya kazi ya kura.

Mwaka 2016 tukaanza elimumsingi bila ada, na ruzuku ikaanza kutumwa moja kwa moja kutoka Hazina hadi akaunti za shule. Hatua zote mbili nazipongeza: ya kwanza ilifungua milango, ya pili ilifupisha njia ya fedha. Lakini idadi ya watoto iliruka, na mgawanyo wa meza mbili ukabaki. Kamati ina wajibu mbele ya wazazi. Mfuko uko mbali nayo. Mwenyekiti wetu hakudanganya aliposema fedha hazitoki kwao. Alikosea tu kudhani kwamba jibu hilo linamaliza swali.

Kwa hiyo nawaachia wasomaji wangu mambo matatu kutoka Farmville. Wanafunzi, mnapoandika tasnifu kuhusu upungufu wa fedha za elimu, tafuteni kikao. Kila tarakimu ina tarehe, na kila tarehe ina mahudhurio. Wanaharakati, msiishie kudai haki kwenye tamko. Idaini kwenye kifungu, na muulize pia kifungu kipi kiliongezeka mwaka ambao chenu kilipungua. Nanyi watumishi wa umma, ambao wengi wenu mnabebeshwa lawama za sifuri msizoziandika, kumbukeni wale wajumbe wa bodi waliojiuzulu wakiwa wamechelewa. Kusema mapema, kwa maandishi, kwamba "kiasi hiki hakitoshi na sababu ni hizi" si utovu wa nidhamu. Ndiyo kazi ya mwenye muhuri asiye na mfuko.

Nilipotoka mkutanoni siku ile nilimkuta bibi amesimama chini ya mwembe, akimsubiri mjukuu wake arudi kutoka chooni. Nilimwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikamjibu kwamba nafundisha chuoni. "Basi wewe utajua," akasema. "Ile sifuri, mtu akitaka kuifuta anakwenda ofisi gani?"

Nilimtajia halmashauri, na siku ya kikao cha baraza la madiwani kilicho wazi kwa wananchi. Nimemwahidi kwamba tutakwenda pamoja.